Mwasumini: tangu kijiti hadi kikuba

Bibi yangu alikuwa na mwasumini mmoja uani kwake, Ng'ambo ya Unguja. Kila mwaka kipupwe kikikaribia kwisha aliushukia kwa kisu mpaka ukabaki vijiti vya kimo cha goti, na majirani wakamwambia, "Bibi, safari hii umeuua." Vuli ikianza, sinia moja halikutosha asumini za jioni moja.

Siku hizi naitwa mara kwa mara kutazama miasumini ya watu. Mingi imenawiri: mirefu, imepanda ukutani, majani yanang'aa. Maua lakini ni matatu, manne kwa wiki. Mwenyewe huniuliza kama kauziwa "dume". Hakuna mwasumini dume. Maua ya mmea huu hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na mti usiokatwa hutoa machipukizi machache tu, tena juu kabisa usikofikia mkono. Watu huuonea huruma mti, na huruma hiyo ndiyo inayowanyima maua. Nitafika kwenye mkasi, ila mkasi hausaidii mti uliopandwa pabaya, kwa hiyo tuanze na mche.

Hakikisha ni wenyewe

Asumini ninayoisema hapa, wengine huiita yasmini, ni ile nyeupe ya vikuba (vifungu vya maua na majani ya kunukia vya kujipambia) na makoja (maua yaliyotungwa uzini), ile wanayotiwa maharusi nywelini. Jina lake la kitaalamu ni Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, na Waarabu huiita full. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934 na Indonesia wakaipa heshima kama hiyo mwaka 1990. Nchi hizo mbili zinakueleza hali ya hewa inayoipenda: joto, unyevu na jua.

Vitaluni huuzwa miche mingi kwa jina la yasmini ambayo siyo. Fanya hivi kabla hujatoa pesa. Kata jani moja: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, uache, huo ni mmea mwingine kabisa. Lifikiche: likinuka kama jani la mchungwa, na kila kikonyo kina vijani vingi vidogo, nao siyo. Jani la mwasumini ni moja zima, halina meno pembeni, lina kikonyo kifupi, na hukaa mawili mawili yakitazamana au matatu kwenye kifundo kimoja. Mwafu wetu wa porini, ambao nao hunukia vizuri sana, utaujua kwa jani lililogawanyika vijani vitatu. Kuwa mwangalifu zaidi na kichaka kinachotoa vijiua virefu vya kijani-njano vinavyonukia usiku tu. Hicho kina sumu, na nyumba yenye watoto wadogo haikihitaji.

Ukishapata wenyewe, tazama ua. Kuna la tabaka moja, petali tano au zaidi kidogo, ambalo wauzaji wa nje huliita 'Maid of Orleans'. Hili ndilo jepesi kukuza, huchanua mfululizo, na matumba yake yaliyochongoka hupenya vizuri kwenye uzi. Lipo jingine lililojaa petali kama waridi dogo, 'Grand Duke of Tuscany', zuri mno kwa kutazama, lakini mti wake hukua polepole, shina lake ni gumu na maua yake ni machache. Anayeanza nampa la tabaka moja. La waridi alipate mwaka wa pili, akishaujua mkono wake.

Mahali na udongo

Jua si chini ya saa sita kwa siku. Kwenye hili sina la kujadili. Chini ya mwembe mwasumini utaishi miaka, utarefuka kulitafuta jua, na hutaona kitu. Kama ua wenu una jua la asubuhi tu mpaka adhuhuri, panatosha. Kama mna jua la alasiri tu, ukutani panapounguza, napo panafaa maadamu maji hayakosekani.

Kuhusu udongo, pwani yetu ina taabu yake. Anayeishi magharibi ya Unguja au penye udongo mwekundu wenye kina hana shida. Anayeishi maweni, kule Paje na Makunduchi, au sehemu nyingi za kisiwa cha Mombasa, anapanda juu ya mawe ya matumbawe, yaani juu ya chokaa. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa madini ya chuma yamo, ila mizizi haiwezi kuyafyonza, na dalili yake ni hii: majani machanga ya juu yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo hudhani ni njaa, wakazidisha mbolea. Wengine humwaga majivu ya jikoni kwa kuwa wameambiwa majivu huleta maua. Majivu huzidisha uchokaa, na mti uliokuwa mgonjwa unakwisha.

Nilijaribu miaka miwili kuurekebisha udongo wa namna hiyo kwa salfa, ile ya unga wanayopulizia mikorosho. Hausogei. Chokaa ya jiwe lenyewe ni nyingi kuliko salfa utakayoweza kununua. Suluhisho ni kutoigusa ardhi hiyo kabisa: panda kwenye chungu, au jenga tuta la matofali lenye kina cha nusu mita, ulijaze udongo ulioletwa kutoka pengine. Kwa mti ulioanza kuwa manjano, nyunyizia majani dawa ya madini ya chuma inayouzwa maduka ya pembejeo, kwa kipimo cha pakiti, jioni. Utaona kijani kinarudi kwenye majani mapya. Yale ya zamani huenda yasirudi.

Mchanganyiko ninaotumia chunguni ni sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi na vipande vya kombe. Ukitaka kuongeza unga wa makumbi ya nazi, uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba yamekunywa maji ya bahari. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne, ukiyakamua kila mara, ndipo uyatie.

Kuotesha kijiti

Asumini hii ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo kila mti unaouona umetoka kwenye mti mwingine. Ndiyo maana mche mzuri kabisa ni ule wa kuomba kwa jirani ambaye maua yake umeyaona kwa macho.

Omba siku anayopogoa. Chagua tawi lililokwisha kukomaa kidogo, si lile laini la kijani kibichi wala si gongo la kahawia. Ukilipinda linakubali, ukizidi linavunjika. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, mkato wa chini uwe chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini yote, acha mawili ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Chomeka mpaka vifundo viwili vizame, kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Mwagilia, kisha kifunike kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko chake kikiwa wazi ili pawe na pumzi. Weka kivulini penye mwanga.

Wiki ya nne hadi ya sita utaona kijani kipya. Usikishangilie bado, kwa kuwa kijiti huweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe bila mzizi. Kivute kidogo sana, kikishikilia, kimeota. Chomeka vitano ukitaka mmoja. Masika na vuli ndiyo majira yake. Kaskazi kavu ya Januari huvikausha.

Mwenye subira ana njia ya uhakika zaidi. Laza tawi refu la chini bila kulikata, ulichune gamba kidogo upande wa chini penye kifundo, ulifukie hapo kwa udongo na uliwekee jiwe. Mama yake analilisha wakati wote, kwa hiyo halifi. Baada ya miezi miwili au mitatu lina mizizi yake. Likate upande wa mama, liache palepale wiki mbili, ndipo ulihamishe.

Kupanda na kumwagilia

Ardhini, chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya samadi iliyooza, urudishe, uache wiki moja ushuke, kisha panda. Miti miwili iachane mita moja na robo au moja na nusu. Chunguni, anza na chungu cha upana wa sentimita 30, au ndoo ya lita 20 uliyoitoboa matundu chini. Matundu yawe mengi. Kila baada ya miaka miwili toa mti, punguza mizizi kama theluthi, na uurudishe kwa udongo mpya.

Maji mengi hayaudhuru mti ikiwa yanapita. Yanayosimama ndiyo yanaozesha mizizi, na dalili zake zinafanana na kiu: majani yanalegea na kudondoka. Kabla hujamwaga maji, tia kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu, ngoja. Chungu wakati wa kaskazi huenda kikataka maji kila siku. Mti wa ardhini uliokwisha shika hutosheka na mara mbili kwa wiki, umwagiliwe mpaka maji yazame chini. Tandaza majani makavu shinani, kina cha vidole vinne, lakini yasiguse shina. Sahani chini ya chungu iondoe. Pamoja na mizizi kuoza, hapo ndipo mbu wa dengi anapotaga.

Maji ya kisima yenye chumvi hukausha kingo za majani. Kama huna mengine, mara moja kwa wiki mwaga mengi mpaka yatoke chini kwa nguvu yaioshe chumvi, na mvua ikinyesha toa chungu nje.

Chakula

Urea peke yake itakupa msitu wa majani. Nimeona mti uliolishwa urea mwaka mzima, mrefu kuliko mlango, hauna tumba hata moja. Tumia mbolea yenye vyote vitatu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa chungu kila mwezi wakati wa kuchanua, uizungushe pembezoni mbali na shina, kisha maji. Samadi konzi tatu nne kila miezi mitatu. Wakati wa kipupwe usiupe kitu. Hilo tu.

Mkasi

Mwaka wa kwanza kazi ni kuumba kichaka. Mche ukifika shibiri moja na nusu, ukate ncha. Utatoa matawi mawili au matatu. Kila moja likipata majani jozi tatu, kata ncha tena. Utayakata hata matumba ya mwanzo, na roho itakuuma. Kata. Mti wenye ncha 30 utakupa mafungu 30 ya maua, na mti wenye ncha mbili utakupa mawili.

Kuanzia mwaka wa pili kuna mkato mkubwa wa mwaka. Kwetu pwani naufanya kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, baridi ya kusi ikiwa imelegea na mvua za vuli ziko mbele. Wiki mbili kabla punguza maji, lakini mti usifike kunyauka. Noa mkasi na uufute kwa spiriti. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa: kwaruza gamba kwa ukucha, pakiwa kahawia kavu, limekufa. Ondoa yanayosuguana na yanayoelekea ndani, mpaka mkono wako upite katikati ya kichaka. Halafu yaliyobaki yashushe yote hadi sentimita 45 au 50 kutoka ardhini, kila mkato juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje. Majani yaliyosalia yapukutishe. Mwisho samadi, NPK na maji ya kushiba.

Mti utakuwa mbaya kutazama. Kwa wiki mbili utajuta, na atakayepita atakuuliza umekosewa nini na mti wa watu. Wiki ya tatu au ya nne machipukizi mekundu-kijani yatatoka kwenye kila kifundo, na baada ya hapo matumba. Hatari ni moja: mti uliokuwa dhaifu, wenye majani ya manjano au mizizi inayooza, usiukate hivi. Upone kwanza. Na mti mzee ambao haujakatwa miaka kumi usiushushe wote mara moja. Mwaka huu nusu ya matawi, mwakani nusu nyingine. Ule wenye ua la waridi ukate theluthi tu, haupendi ukali.

Upo na mkato mdogo, ambao wengi hawaujui kabisa na ndio unaoufanya mti uchanue tena na tena badala ya mara moja. Asumini hutoka kwa mafungu, aghalabu matumba matatu. La katikati hufunguka kwanza, ya pembeni siku zinazofuata. Yakishakwisha yote, usiache kikonyo kitupu. Kata ncha hiyo pamoja na jozi mbili za majani chini yake. Pale ulipokata patatoka machipukizi mawili, na baada ya wiki kadhaa kila moja na matumba yake. Dakika tano kila Ijumaa asubuhi zatosha kichaka kizima.

Wanaoula

Inzi weupe, vidukari, vidung'ata na wadudu gamba hukaa chini ya majani na kwenye vikonyo. Utawajua kwa sisimizi wanaopanda na kushuka shinani, na kwa masizi meusi juu ya majani. Masizi hayo si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota kwenye utamu wanaoutoa wadudu. Waoshe kwa maji ya nguvu, kisha nyunyizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, jioni, chini ya majani hasa, na urudie baada ya siku tano. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu na kuacha vidoa vidogo vya manjano. Huo hupungua kwa kuulowesha mti wote kila asubuhi.

Adui wa kweli ni wa matumba. Ukiona tumba lina tundu dogo, ndani mna kiwavi. Ukiona matumba yanageuka zambarau na kukauka kabla ya kufunguka, huenda ni funza wa kijinzi kidogo usichokiona. Chuma yote yaliyoharibika kila siku, uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani. Usiyaache chini ya mti, kwa kuwa funza huyo huingia udongoni, akageuka kijinzi na kurudi. Tifua udongo wa juu kidogo chini ya kichaka. Halafu mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu, uzitwange, uziloweke usiku mmoja kwenye lita moja ya maji, chuja, tia tone la sabuni, nyunyizia magharibi kila siku saba. Maua ya jioni hiyo yachume kwanza, hakuna atakaye kikuba chenye harufu ya mwarobaini.

Nairobi, Arusha na kwingine kwenye baridi, mti wauweza lakini Juni hadi Agosti utalala. Uegemeze ukuta unaopigwa na jua na usogeze mkato mkubwa mpaka joto lirudi. Muscat mambo ni kinyume: Juni na Julai uupe kivuli cha adhuhuri na maji kila siku. Walio Ulaya wauingize ndani kabla baridi haijashuka chini ya nyuzi 10, dirishani penye jua, maji kidogo tu.

Kuchuma

Asumini hufunguka jioni na kufikia kesho mchana imekwisha. Kwa hiyo halichumwi ua, huchumwa tumba: lile lililojaa, jeupe kabisa, lililo tayari kufunguka usiku huo. Lenye ukijani bado halijafika, na ukilichuma halitafunguka. Saa kumi alasiri ni wakati mzuri. Likate kwa ukucha na kikonyo chake kifupi, kwani hapo ndipo sindano itakapopita.

Yaweke kwenye jani la mgomba au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Usiyamwagie maji, petali zikilowa hugeuka kahawia. Tunga yakiwa bado yamefumba, sindano nyembamba na uzi wa pamba, yasibanane sana maana yatapanuka. Kwa kikuba, panga na majani ya mrehani na, ukibahatika, mkadi kidogo. Kufikia saa moja, saa moja na nusu usiku, yatafunguka uzini, na nyumba nzima itajua. Asubuhi yakishaanza kuwa na wekundu wa kufifia, yavumbike kati ya kanga kabatini siku moja, kisha yatoe kabla hayajaacha doa.